Vichwa vya Wafalme Wabaya

"Basi chagua," Wakesho alisema, akiukandamiza mzigo wake kwa goti ili kamba ikaze. "Ama wao, ama mimi. Mimi nyumba nyingine ninayo."

Mwanawe Elijah alikuwa amesimama mlangoni na koti la stesheni begani. Alikuwa amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo, na sasa alikuwa akiyarudia. Kwamba zile ni pesa tu. Kwamba ni vipande vya shaba na fedha vilivyopigwa chapa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na leo havinunui hata chumvi. Kwamba mama yake ameketi kanisani kila Jumapili tangu ashuke kutoka milimani, hakuonyesha kuogopa kitu chochote, sasa leo anaogopa vichwa vilivyochongwa kwenye sarafu.

"Sijasema naogopa. Nimesema silali nao nyumba moja."

"Ni sura tu, mama. Hata rupia ilikuwa na sura ya mfalme."

"Rupia hukuiweka kwa baba yako."

Jedidah, mke wa Elijah, alikuwa uani akipepeta mahindi, mtoto mgongoni. Aliposikia maneno hayo ya mwisho aliuweka ungo chini. Elijah hakuyasikia. Mwanamume akishaanza kujitetea masikio yake hufanya kazi nusu, na Elijah alikuwa ameanza kujitetea tangu chai ya asubuhi.

Wakesho aliletwa Voi wakati wa mvua zilizopita. Alianguka shambani kwake Mwanda, huko milimani, akalala katikati ya mahindi mpaka jirani aliyekuja kuomba moto akamkuta. Magoti yalikuwa yamechoka, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Mumewe alikufa mwaka ule wa homa kubwa, vita vilipokuwa vikiisha, na binti yake pekee aliolewa Kasigau, ambako kutoka ni safari na kuingia ni safari. Akirudi Mwanda atakuwa peke yake, na akianguka tena huenda asitokee mtu wa kuomba moto. Kila mtu pale uani alijua hivyo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Lakini mzigo ulikuwa umefungwa, na Alwi wa mkokoteni alikuwa ameitwa aje kuupeleka stesheni, kwa treni ya mchana inayokwenda Taveta. Angeshuka Bura, kisha apande mlima kwa miguu yake hiyo hiyo.

Sababu ya yote ilikuwa kopo la tumbaku.

Wakati wa vita, serikali ilipokuwa ikilaza reli kutoka Voi kwenda Maktau, Elijah alikuwa kijana wa kushika fito kwa Mzungu mpima njia. Watu walimwita Bwana Pima. Mzungu huyo hakuwa na mke wala mbwa. Alikuwa na sarafu za wafalme wa Roma, na si wafalme wote, wabaya peke yao. Alisema wazuri hununuliwa na kila mtu, na tena habari zao zinachosha. Jioni, kambini, alimwonyesha Elijah sura moja moja na kumsimulia ubaya wake, Elijah akiwa anamsafishia buti. Alipohamishwa alimpa lile kopo na vilivyokuwamo. Tangu hapo Elijah mwenyewe alishikwa na maradhi hayo. Alwi, ambaye kabla ya kusukuma mkokoteni alikuwa mchochea makaa kwenye meli, aliwahi kumletea mmoja kutoka soko la Iskandaria, na Elijah akamlipa kwa jogoo.

Jedidah hakuwahi kuona ubaya. Waume wengine walikunywa. Huyu wake, akitoka kazini, alifungua kopo, akazipanga sarafu mezani, akazitazama. Siku moja alimwambia kwa nini. Alisema stesheni kila siku hupita mtu mkubwa na kila mmoja hupigiwa saluti, na yeye huinama mpaka kiuno kinauma. Akifika nyumbani anapenda kuwaona wakubwa waliokuwa wakubwa kuliko hao wote wakitosha ndani ya kopo la tumbaku.

Sasa asubuhi hiyo Wakesho alifungua kasha la marehemu mumewe. Lilikuwa kasha dogo la mti, na ndani yake mlikuwa na kipembe chake cha ugoro, bangili yake ya shaba na mfuko wake wa ngozi. Elijah ndiye aliyelirithi. Kopo lilikuwa limewekwa humo, katikati kabisa, juu ya mfuko. Elijah aliliweka hapo kwa sababu kasha lina kufuli na watoto wana mikono. Mama alitaka kuunusa ugoro wa mumewe. Akakuta vichwa vya watu asiowajua. Alipomuuliza mwanawe ni akina nani, Elijah, kwa furaha, akamjibu kwamba ni wauaji, walafi na wendawazimu.

"Sikiliza," Elijah alisema sasa, akivaa koti. "Kama ni hayo tu, nazichukua hivi sasa nazitupa mtoni. Umeridhika?"

Aliumia kulisema hilo, na Jedidah aliona. Lakini Wakesho aliacha kamba, akamtazama mwanawe kana kwamba amemtukana.

"Utupe kichwa cha mtu?"

"Umesema mwenyewe hutaki—"

"Kichwa hakitupwi mtoni. Hata cha mwizi. Wewe umelelewa na nani?"

"Na wewe."

"Basi nimeshindwa," Wakesho alisema, akarudi kwenye kamba yake.

Hapo ndipo Alwi alipofika na mkokoteni, akipiga hodi kwa mguu kwenye ua. Alikuwa mtu wa Lamu kwa asili, mnene, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na mdomo usiopumzika. Aliutazama mzigo, akamtazama Elijah, akasema yeye amebeba meno ya tembo, amebeba cherehani na amebeba maiti wa Kibanyani, ila bibi aliyekasirika hajawahi kumbeba na hajui nauli yake ni ipi. Wakesho alimwambia abebe mzigo, yeye atatembea. Alwi akaupakia. Kisha akajiegemeza kwenye gurudumu, kwa kuwa treni ilikuwa bado na ugomvi ulikuwa mtamu.

Jedidah alikuwa amesoma kwa masista wa misheni mpaka wakakosa la kumfundisha, akajifunza jambo moja nje ya darasa: watu wawili wakigombana kwa muda mrefu juu ya kitu kimoja, kwa kawaida hawazungumzii kitu hicho. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda akaketi juu ya jiwe mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, nikuulize. Hao watu ubaya wao ni kuwa humu ndani, au ni kuwa ndani ya kasha la baba?"

Wakesho alimgeuzia Elijah mgongo. Kisha akasema kwamba walau mmoja nyumbani humo ana akili, na si yule aliyemzaa.

Akaeleza, naye alimweleza Jedidah peke yake, kama vile Elijah amekwenda kazini tayari. Kwa ukoo wao, kama kwa koo nyingi za milimani, mtu mzima akifa huzikwa, na wakati wake ukifika kichwa hutolewa kaburini na kupelekwa pangoni kukaa na wenzake waliotangulia. Hilo Jedidah alilijua. Kila Mdawida, kila mtu wa milima ile, alilijua, hata waliobatizwa wakajifanya hawalijui. Lakini mtu aliyeishi vibaya hapelekwi pale. Hatupwi, kwa kuwa ni mtu wa watu. Hutafutiwa mahali pake, kando, peke yake. Wema hawachanganywi na waovu. Mume wake ndiye aliyekuwa akiaminiwa na ukoo kwa kazi hiyo ya kuweka. Aliwaweka wengi. Na leo mwanawe mwenyewe amechukua wauaji wa nchi nyingine, akawakalisha juu ya mfuko wa baba yake.

"Sikujua," Elijah alisema.

"Ndiyo. Hujui."

Alilisema polepole, bila ukali, na Jedidah akaona kwamba hapo ndipo palipo na jeraha. Lakini mama mkwe hasukumwi. Alifanya alilolifanya kila siku kwa watoto: alishika kilicho karibu.

"Basi tuwatafutie mahali pao," alisema, akamgeukia mumewe. "Baba Peris, lete kopo. Mama, wewe utatuambia nani anakwenda wapi. Sisi tutaweka."

"Mimi nina treni," Wakesho alisema.

"Treni haijapiga hata honi."

Elijah alileta kopo, akatandaza gunia chini, akazipanga sarafu. Zilikuwa nyeusi na kijani, nyingine zimelika pembeni. Wakesho aliinamisha jicho lake zima. Ya kwanza ilikuwa na mtu mwenye shingo nene na videvu viwili.

"Huyu ni Vitelio," Elijah alisema. Sauti yake ilibadilika. Hata mikono ilibadilika. "Alikula. Alikuwa na karamu asubuhi, mchana, jioni na usiku. Akishiba alijitapisha ili ale tena."

"Na watu wake walikula?"

"Hapana."

"Kando," Wakesho alisema, na Jedidah akamsukuma Vitelio upande mmoja wa gunia.

Kaligula alileta ubishi. Elijah alisimulia kwamba alimpenda farasi wake hata akataka kumpa cheo cha ukubwa, akae na wazee wa nchi. Alwi alicheka mpaka mkokoteni ukasogea. Wakesho hakucheka. Alitaka kujua kama yule farasi alipata kutoza watu kodi. Elijah alisema hapana, hata cheo chenyewe hakukipata. Basi, Wakesho alisema, machifu wabaya kuliko farasi anawajua, na wala hawako Roma. Lakini Elijah alipoongeza kwamba Kaligula alikuwa akiua watu wakati anakula, ili apate hamu ya chakula, bibi alinyoosha kidole upande wa Vitelio.

Domitiani alipenda kukaa peke yake chumbani akichoma nzi kwa kalamu.

"Nzi?" Wakesho aliuliza.

"Nzi."

"Na kosa lake ni lipi?"

Elijah aliona aibu kidogo kwa niaba ya Bwana Pima. Akasema kwamba baadaye aliua pia watu, tena wengi, wakubwa wa nchi, kwa kuwashuku tu. Wakesho alisema angeanza na hilo. Nzi hata yeye anawaua. Domitiani akaenda kando.

Komodo alipigana na wanyama ndani ya boma lililozungushiwa watu, akawapiga mbuni mishale vichwa vikaruka, mbuni wakaendelea kukimbia bila vichwa. Alwi alisema hao Wazungu wanaopita stesheni na bunduki kwenda kuwinda Ndara hawana tofauti. Elijah alimwomba apunguze sauti, kwa kuwa nyumba ile ni ya reli. Wakesho aliuliza kama mbuni walikuwa wamekula shamba la mtu. Hawakuwa wamekula. Komodo kando.

Aliyefuata, mwenye uso uliokunjamana kama mtu anayeumwa jino, alikuwa Karakala. Elijah alisimulia kwa maneno machache. Ndugu yake alimkimbilia mama yao, akajificha kifuani pake, na huyu akamfuata akamuua hapo hapo, mikononi mwa mama. Wakesho mwenyewe alimchukua, kwa mkono wa kushoto, akamsogeza mbali kuliko wengine wote.

"Na huyu mwenye masikio?"

"Klaudio."

Jedidah aliinua kichwa. Alilijua jina hilo kutoka Matendo ya Mitume, ambapo njaa kubwa iliingia siku za Klaudio. Aliuliza kama njaa ile ni yeye aliyeileta. Elijah alisema hapana, njaa ilikuja yenyewe. Basi alifanya nini? Elijah alijikuna shingo. Alisema Klaudio alikuwa akichechemea, na akisema maneno yalimkwama, na mate yalimtoka. Watu walimcheka tangu utotoni. Mke wake alimtawala, na mwishowe akamlisha uyoga wenye sumu.

"Nimeuliza alifanya nini. Wewe unaniambia alifanywa nini."

"Bwana Pima alimweka humu kwa kuwa walimcheka."

"Bwana Pima wako naye alikuwa mpumbavu," Wakesho alisema. "Huyu mrudishe ndani. Si kwenye kasha. Si wa kwetu. Mweke rafuni karibu na chumvi."

Akabaki mmoja. Elijah alikuwa amemwacha mwisho kwa makusudi, na sasa alimzungusha kati ya vidole bila kumweka chini. Ndiye Alwi aliyemleta kutoka Iskandaria. Shingo nene, nywele zimepangwa mistari kama za mwanamke.

"Huyo namjua," Alwi alisema. "Huyo ni Nero. Mwambie bibi alilolifanya."

"Alichoma mji," Elijah alisema.

"Mwambie lile lingine, bwana."

Elijah alimtazama Alwi kwa macho ya kumdai jogoo wake. Kisha, akiwa anatazama chini, akasema kwamba Nero alimuua mama yake. Kwanza alimtengenezea mashua ya kuvunjika baharini. Mama aliogelea akafika pwani. Ndipo akatuma askari.

Wakesho hakunyoosha kidole. Aliuliza kitu ambacho hakuwa ameuliza kwa wengine.

"Naye alipokufa, nani alimzika?"

Elijah alilazimika kufikiri. Bwana Pima alikuwa amemwambia. Alikuwa amemwambia usiku mmoja Maktau, mizinga ikisikika kwa mbali. "Wazee wote walikuwa wamemkataa," alisema. "Askari wake walikimbia. Waliomzika ni wanawake. Yaya zake wawili waliomlea alipokuwa mtoto, na mwanamke mmoja aliyempenda zamani. Walimfunga nguo nyeupe wakamweka kwenye kaburi la ukoo wa baba yake."

"Yaya zake."

"Ndiyo, mama."

"Wakijua alimuua mama yake."

"Dunia nzima ilijua."

Wakesho aliinama, akaitazama ile sarafu kwa karibu. Kisha akaongea, na hakuwa akizungumza tena juu ya Roma.

Alisema kwamba mtu yule, pamoja na yote, alipata wa kumzika na wa kujua mahali pake. Yeye amekaa Voi mvua hadi kiangazi na amelishwa vizuri. Hana la kulalamika juu ya chakula wala juu ya Jedidah. Lakini kila jioni hukitazama kile kiwanja nyuma ya kanisa, kwenye mchanga mwekundu, ambapo reli huzika watu wake na fisi huwafukua. Haogopi kufa. Ila akifia hapa, nani atampandisha mlimani? Na akizikwa, nani atakuja baadaye? Mume wake amekaa pangoni pamoja na wazazi wake. Yeye atakaa wapi, mchangani? Alikuwa akijiambia kwamba Elijah atafanya. Asubuhi hii akafungua kasha, akaona mwanawe hajui hata nani anakaa na nani.

"Ndiyo maana narudi," alisema. "Nikifia Mwanda, hata mkinisahau, watu wa ukoo wako karibu. Wataniona."

Elijah aliketi chini kwenye vumbi na koti lake la stesheni. Alisema jambo la kwanza lililomjia, nalo halikuwa jambo zuri. Alisema yeye amebatizwa. Mwalimu Obadiah akisikia amekwenda pangoni atamsimamisha mbele ya kanisa zima.

"Mwalimu Obadiah mama yake yuko wapi?" Jedidah aliuliza.

Elijah alipangusa vumbi kwenye koti.

"Mimi nakuuliza. Alizikwa mwaka juzi. Yuko wapi sasa?"

"Kaka zake walimchukua," Elijah alisema. "Wakampeleka kwao."

"Na Mwalimu wiki hiyo alikuwa wapi?"

Elijah alijua vizuri alikokuwa. Yeye mwenyewe alimkatia tiketi ya kwenda Mwatate kuwasalimu kaka zake. "Wiki hiyo hatukuwa na ibada," alisema hatimaye, na tabasamu likaanza kumtoka upande mmoja wa mdomo.

Jedidah alisema yeye naye amebatizwa, na kwa maji yale yale, tena ya baridi. Mungu anajua Mwanda ni wapi. Mama akitaka kulala na mumewe, hiyo si dhambi ambayo yeye atamweleza mtu yeyote kwenye mlango wa kanisa. Kisha akamwambia mumewe amwambie mama yake neno moja, ndiyo au hapana, kwa kuwa Alwi ana kazi nyingine.

"Mimi sina haraka," Alwi alisema.

Elijah alimgeukia mama yake. "Nitakupandisha," alisema. "Hata ikiwa ni usiku, hata wakinifukuza kazi."

"Na baadaye?"

"Na baadaye nitakuja mwenyewe."

"Maneno ya stesheni," Wakesho alisema. "Treni inakuja, treni inakuja. Utakuja ufanye nini? Hujui kuweka."

"Nifundishe."

Wakesho alimtazama kwa lile jicho lake zima. Halafu akalitazama gunia. Akasema kazi hiyo ni ya wanaume na yeye hakuifanya kamwe, lakini aliolewa na mtu aliyeifanya, na mtu huyo alikuwa akisema usingizini. Akanyoosha mkono ainuliwe.

Nyuma ya nyumba za reli, ng'ambo ya njia ya mbuzi, kuna mwamba usio mrefu, wenye nyufa pembeni. Walikwenda wote. Jedidah alibeba kigoda, akamketisha mama mkwe mahali anapoona. Elijah alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Alwi alibaki chini na mkokoteni, akisema yeye ni Mwislamu na haya hayamhusu, na akasogea mpaka mahali ambapo angeona kila kitu.

Wakesho alifundisha kama anavyofundisha mtu asiye na subira. Kwanza asafishe ufa kwa majani mabichi, si kwa mkono mtupu. Hapana, si majani hayo, yale. Asitangulize mgongo. Aseme jina la mtu kabla ya kumweka. Mtu hawekwi bila jina, ni kama kumtupa. Awe anasema kwa sauti, kwa kuwa aliyekufa husikia kutoka mbali. Kwa watu wake mwenyewe atatumia mkono wa kulia na uso utazame nje, kwenye mashamba, waone mvua inapokuja. Hawa kwa mkono wa kushoto, uso uelekee mwamba.

"Vitelio," Elijah alisema, akamweka.

"Umemlaza. Hakuna anayelazwa. Msimamishe."

Alimsimamisha kwa kijiwe. Alisema Kaligula, akamsimamisha. Alisema Domitiani na Komodo. Kwa Karakala, Wakesho alimwamuru atafute ufa mwingine, mbali na wale wanne, kwa kuwa hata waovu wana kiwango. Jasho lilimtiririka Elijah na magoti ya suruali yake yakawa mekundu. Alikosea mara mbili, akarudia bila kubishana. Jedidah, akimtazama kutoka chini, aliona kwamba mikono ya mumewe ilikuwa imeacha kubabaika na ilikuwa inajua inachokifanya, kama ilivyokuwa mezani jioni.

Huko stesheni treni ilipiga honi. Hakuna aliyegeuka isipokuwa Alwi.

"Nero," Elijah alisema. Akamwingiza, akamsimamisha, uso kwenye mwamba. Aligeuka kumtazama mama yake aone kama ni sawa.

Wakesho aliegemea mbele kwenye kigoda.

"Huyo mgeuze kidogo."

"Nje?"

"Si nje. Pembeni. Awe anasikia watu wanapopita."

Elijah alimgeuza kwa kidole kimoja, polepole, mpaka mama yake aliposema basi. Kisha Wakesho alisema, kwa sauti ile ile ya kusahihisha, kwamba akipata wengine asiwaweke humu kabla hajamwuliza, kwa kuwa huyo Mzungu wake alikuwa akichanganya watu. Akamwita Alwi kwa jina, akamwambia arudishe mzigo.

Alwi aliushusha mlangoni. Jedidah alikuwa amefika hapo kabla yake. Alifungua kamba, akatoa shuka, kibuyu na kanga, akavipeleka ndani mikono yake ikiwa imejaa, akatandika kitanda cha mama.